Tendaguru au mikoko ya Msimbati, wanafunzi tuwapeleke wapi?

Walimu wenzangu wa kusini, Tendaguru kule Lindi ina jina kubwa ila mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) Wajerumani waliichimba 1909 hadi 1913 wakaipeleka Berlin, kwahiyo mtoto akifika anaona pori tu, mwalimu usipojua kusimulia safari imekufa. Msimbati sasa, kule Mtwara ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay, maji yakipwa tu somo linatembea lenyewe, kaa wanakimbia, mizizi ya mchu (aina ya mkoko) imechomoza topeni inavuta hewa, we unauliza tu "kwanini iko juu?" unawaacha wabishane (kunyamaza ndo kazi ngumu kwetu walimu, tukubali). Darasa la tano mi nawapeleka Msimbati, Tendaguru wasubiri sekondari. Ila ulizia wavuvi maji yanatoka saa ngapi.