Uzoefu wangu na Bash: orodha ya makontena na tarehe 08

Bash, programu ya kuipa kompyuta amri kwa maandishi, naitumia kutwa nzima. Ofisi yetu ya kutoa mizigo hapa Mombasa inategemea skripti zake, yaani mafaili ya amri zinazojiendesha zenyewe: kuvuta orodha za makontena ya Kilindini, kuzipanga, kuwatumia makarani na wenye malori. Ni ya bure, nyepesi, haichagui kompyuta. Ningeipa nyota 5 lau si namna inavyopokea data isiyo sawa.

Kila alfajiri kuna skripti inayochagua makontena ambayo muda wake wa kukaa bandarini bila malipo unaisha siku hiyo, ili karani ampigie simu mwenye mzigo kabla gharama hazijaanza kuhesabiwa. Siku nyingi inafanya kazi barabara. Siku nyingine orodha ikitoka tupu, na ofisi nzima ikaamini kwamba hakuna mzigo. Mpaka alipokuja mzee mmoja wa spea za magari kutoka Mwembe Tayari, ankara mkononi: "Mwanangu, mbona jana hamkunambia?" Kontena lake lilikuwemo kwenye faili, tarehe 08. Skripti haikulitaja.

Mstari wenyewe, unaolinganisha siku ya kontena ($siku) na siku ya leo ($leo), ni huu:

if [[ $siku -eq $leo ]]; then

Nikafungua teminali, nikaandika [[ 08 -eq 8 ]]. Bash ikajibu:

bash: [[: 08: value too great for base (error token is "08")

Kumbe ndani ya mabano haya mawili, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa hesabu ya nane, ambayo tarakimu zake zinaishia 7. Kwa hiyo 01 hadi 07 zinapita, 10 na kuendelea zinapita, 08 na 09 zinakwama. Ajabu ni kwamba ukitumia bano moja, [ 08 -eq 8 ], inakubali bila neno.

Hesabu ya nane naweza kuizoea. Kinachoniudhi ni kinachofuata. Baada ya kulalamika, Bash inarudisha 1, jibu lile lile linalomaanisha "si sawa", kisha if inaelekea kwenye else (njia ya "kama sivyo") kana kwamba imelinganisha. Kushindwa kusoma namba na namba kutolingana vimekuwa kitu kimoja! Hata set -e, amri ya kuisimamisha skripti panapotokea kosa, haikuokoi, kwa sababu haifanyi kazi ndani ya sharti la if. Na ikiwa kron, inayoziendesha skripti kwa saa zilizopangwa, imeambiwa itupe ujumbe wa makosa /dev/null (jalala la kompyuta), kama ilivyokuwa kwetu, huoni chochote. Mbaya zaidi ni 010: hiyo inageuka 8 kimyakimya, bila onyo lolote.

Kuna na upande wa usalama. Pale pale kwenye hesabu, Bash ikikuta maandishi kama a[$(amri)] badala ya namba, itaiendesha ile amri. Orodha zetu zinatoka nje kwa barua pepe, kwa hiyo hili silichukulii kama jambo dogo. Nao ugonjwa huu wa kuamini kinachoingia si mgeni kwa Bash. Tarehe 24 Septemba 2014 ulimwengu ulitangaziwa Shellshock, kasoro aliyoigundua Stéphane Chazelas: Bash ilikuwa ikisoma fanksheni (vipande vya amri vyenye jina) kutoka kwenye vigezo vya mazingira (thamani ambazo programu hurithi inapoanzishwa), na ikifika mwisho wake haisimami, inaendesha na maneno yaliyofuata. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu 1989. Ilizibwa, na anayetumia toleo la miaka hii hana haja ya kuiogopa. Lakini suala la 08 halijazibwa wala halitazibwa, maana kwa waandishi wake ndiyo kanuni.

Ukiwa na skripti za tarehe, zikague leo. Andika $((10#$siku)) ili isome kwa hesabu ya kumi, ila kwanza hakikisha ni tarakimu tupu: [[ $siku =~ ^[0-9]+$ ]]. Kwa tarehe ya leo, date +%-d ya Linux inaondoa sifuri ya mbele.

Naipa nyota 3. Kuhamisha mafaili na kuunganisha programu, sioni mpinzani wake. Hesabu za tarehe nimezipeleka Python, lugha nyingine ya kuandikia programu: int("08") inatoa 8, na ukiipa "8a" inasimama hapo hapo na kusema.