Kaseti na CD za mitumba, Mbuyuni, Moshi

Anayetafuta bendi za gitaa za Uingereza za miaka ya 90 aanzie kwenye kaseti. Kagua kisponji kidogo katikati ya mdomo wa kaseti: kikidondoka, utepe haugusi hedi (kichwa cha redio kinachosoma utepe) sawasawa na sauti inafifia. Chukua zenye skrubu, zinafunguka, zilizogundishwa utazivunja. Kwa CD, ogopa zaidi mkwaruzo wa upande wa lebo, maana tabaka la data liko papo hapo chini yake. Bei hupungua ukichukua kadhaa.

Hazina yenyewe ni magazeti ya muziki ya Uingereza: NME na Melody Maker, lililomezwa na NME mwaka 2000. Ukikuta toleo la Agosti 1995, bendi za Blur na Oasis walipotoa singo (rekodi ya wimbo mmoja) siku moja, tarehe 14, na Blur wakauza zaidi, usiliache.