Vipokea umeme vya injini ya mvuke ya mfano: ununue kipi kwanza

Injini ya treni ya mfano yenye umbo la mvuke, lakini inayoendeshwa na umeme wa reli, ikisita kila ifikapo penye njia panda ya reli, wengi hukimbilia kununua mota mpya au dikoda (kifaa kidogo cha elektroniki ndani ya injini kinachopokea amri na kuendesha mota na taa). Kabla hujatoa pesa, igeuze chali uhesabu magurudumu yanayochukua umeme. Mara nyingi ni manne au sita tu, na baadhi yamevikwa mpira wa kuongeza mshiko, ambao haupitishi umeme hata kidogo. Juu ya kipande cha plastiki cha njia panda, injini fupi ya aina hiyo huweza kukosa umeme wa upande mzima. Ndiyo maana nimepanga vipokea, yaani vifaa vinavyotoa umeme kwenye magurudumu na kuupeleka kwenye mota, kwa kuangalia kila kimoja kinaongeza magurudumu mangapi, na kwa usumbufu kiasi gani.

1. Vipokea vya behewa la makaa. Hapa ndipo pesa ya kwanza iende. Behewa lenye ekseli nne lina magurudumu manane, yako mbali na mota, na chini yake kuna nafasi ya kufanyia kazi. Modeli nyingi za zamani huchukua umeme wa reli moja kwenye injini na wa reli ya pili kwenye behewa. Ukiwezesha injini na behewa kila kimoja kichukue umeme wa reli zote mbili, tofauti utaiona siku hiyo hiyo. Nunua waya wa bronzi ya fosfori wa milimita 0.3 hivi. Huo hurudi kama springi, ilhali shaba tupu ikishakunjwa hubaki ilivyo, na baada ya muda haigusi tena. Waya uguse kwa wepesi nyuma ya gurudumu: ukikaza mno, gurudumu la behewa huburuzwa badala ya kuzunguka. Magurudumu yakiwa ya plastiki, bei ya magurudumu ya chuma iingize kwenye hesabu mapema.

2. Waya kama huo kwenye magurudumu makubwa ya injini. Ni kazi ile ile, ila nafasi ni finyu na uwezekano wa shoti dhidi ya fremu ni mkubwa. Injini isiyo na behewa ianzie hapa.

3. Pini za springi, zinazopita kwenye fremu na kusukumwa ziguse nyuma ya gurudumu. Hupendeza kwa kuwa hazionekani, lakini zinadai matundu kwenye fremu, na mafuta yakichanganyika na vumbi hukwama. Zinamfaa anayeunda fremu upya.

4. Ekseli zilizokatwa katikati na kuhamiwa, yaani nusu zake zimetenganishwa kwa kitu kisichopitisha umeme. Umeme hupita kwenye fremu yenyewe, bila msuguano wowote wa ziada. Ni njia bora kiufundi, ila kwa injini iliyokwisha kuundwa ni kuibomoa yote.

5. Kapasita za akiba. Hizi huhifadhi umeme kidogo, na nimeziweka mwisho kwa sababu huziba pengo fupi tu. Hazitibu gurudumu chafu. Zinahitaji dikoda, na kila kapasita kubwa ya kawaida hustahimili volti 2.7, kwa hiyo tano zilizofuatana hustahimili 13.5 tu. Nunua moduli ambayo maelezo ya dikoda yako yanaikubali.

Kuhusu nyaya, usibane matumizi. Waya wenye ganda la silikoni, wa geji (kipimo cha unene) 30 au 32, wenye nyuzi nyingi nyembamba, hujikunja kila penye kona bila kulisukuma behewa nje ya reli. Mgumu hulisukuma, na fundi huishia kulaumu reli. Fuata rangi za NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za mfano: nyekundu reli ya kulia, nyeusi ya kushoto, chungwa na kijivu mota, nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, bluu chanya ya pamoja. Kati ya injini na behewa weka plagi ndogo, ili uweze kuvitenganisha bila kulehemu upya.

Kabla ya kuchomeka dikoda, pima kwa mita kwamba hakuna ncha ya mota inayogusa fremu wala reli. Ikigusa, dikoda inaweza kuungua mara tu ukiwasha.