Uzoefu wangu: kugeuza ghala la kahawa kuwa mgahawa, Moshi

Kama unataka kufungua mgahawa ndani ya ghala au kiwanda cha zamani, tafuta mbunifu atakayeanza na paa, sakafu na mabomba kabla hajakuonyesha picha za viti. Mimi nilimpata wa namna hiyo. Nampa nyota nne kati ya tano.

Jengo langu ni ghala la kahawa, si mbali na reli iliyofika Moshi kutoka Tanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika mji ambao KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, kuwauzia watu kahawa chini ya kenchi zilizofunika magunia ya wazee wetu ni heshima kubwa kwangu.

Jambo la kwanza alilofanya mbunifu ni kutazama juu. Upande wa nyuma uliezekwa kwa karatasi za saruji yenye asbestosi. Akakataza mafundi wasitoboe wala kukata hata moja mpaka waje wenye ujuzi na vifaa, waziloweshe maji na kuzishusha zikiwa nzima, kwa sababu vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Bajeti iliumia, lakini wahudumu wangu wanashinda mle ndani kutwa, sikuwa na la kubisha.

Kilichonifurahisha zaidi ni sauti. Zege, mawe na bati vyote hurudisha mwangwi. Ongeza kinu cha kusagia kahawa na mvuke wa maziwa, wateja wanaishia kupigiana kelele. Alitundika fremu za mbao katikati ya kenchi, ndani pamba ya mawe (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, humeza sauti na kuzuia joto), nje kitambaa cha gunia kilichotiwa dawa ya kuzuia moto. Pamba hiyohiyo ikawekwa chini ya bati. Sasa mvua za masika zinapiga na bado mama mmoja anaweza kumsimulia mwenzake habari za harusi bila kuinua sauti. Joto la mchana nalo limepungua sana.

Kaunta iko ukuta ule maji yanapoingilia, hivyo zege lilikatwa kidogo tu kupitisha bomba la maji taka. Tuliomba umeme wa njia tatu mapema, maana mashine ya espresso na oveni zikiwaka pamoja, njia moja inalemewa.

Jukwaa la kupakilia lina kimo cha karibu mita moja. Kwa mteremko wa 1:12, njia ya kiti cha magurudumu ilihitaji mita 12, ikameza nafasi ya meza za nje. Nilinung'unika, ila leo bibi zangu wa kanisani wanapanda wenyewe.

Nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya taa: zinaning'inia juu mno, na usiku wazee hawasomi orodha ya vinywaji. Ameahidi kuzishusha. Zikishashuka, nitaongeza nyota.