Gloo plagi za dizeli: ipi ununue kama gari lako linapanda Lushoto

Wadau wa dizeli hapa Tanga, hebu jiulize ni lini mara ya mwisho ulikagua gloo plagi zako, vile vijiti vya umeme vinavyosaidia dizeli kuwaka injini ikiwa ya baridi. Wengi hamjawahi na nawaelewa kabisa, kwa sababu huku pwani gari inakusamehe. Tanga mjini hata usiku wa Julai joto linacheza kwenye nyuzi 20 hivi, unapiga stata, gari inakohoa, unapiga tena inawaka, unaenda zako Chumbageni na maisha yanaendelea, kumbe plagi tatu kati ya nne zilishakufa mwaka juzi na wewe huna habari.

Habari utaipatia mlimani. Mi niliipatia Lukozi, kule Lushoto, Julai, Hilux yenye injini ya 3L imeshiba kabichi na karoti za kushusha mjini. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, napiga stata inazunguka vizuri tu lakini haishiki, huku nyuma ekzosi inatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi mpaka macho yanawasha. Nikapiga mpaka betri ikaanza kusema tik tik tik. Nikawaita vijana wa kupakia wanisukume, wakaliangalia gari, wakaniangalia mimi, mmoja akasema, "Bosi, na mzigo huu hatusukumi, shusha kwanza." Tukashusha magunia yote, tukasukuma, ikawaka, tukapakia upya, na hela ya kupakia nikalipa mara mbili. Kabichi imefika Tanga soko limeshapoa.

Wenye magari ya petroli wanaweza kutuona wa ajabu, basi nieleze kidogo. Dizeli haina cheche, inajiwasha kwa joto la hewa inayobanwa ndani ya silinda. Injini ikiwa ya baridi, chuma kinalinyonya lile joto kabla dizeli haijashika. Gloo plagi, wengine wanaita hita plagi, ni kijiti kinachowekwa wekundu kwa umeme, kinafika nyuzi 800 na zaidi, kinakaa pale ili dizeli ikute moto tayari. Injini za zamani kama 2L, 3L, 5L, 1HZ ya Land Cruiser na 1KZ ya Prado zinamwaga dizeli kwenye chemba ndogo pembeni kwanza, na chemba ile inakula joto sana, kwa hiyo hizo bila plagi kwenye baridi utahangaika. Zile za kisasa zinazoitwa komonreli zinamwaga moja kwa moja juu ya pistoni, zina afadhali.

Sasa kabla ya brandi kuna kitu ambacho ukikosea hapo hata ununue plagi ya dhahabu imekula kwako. VOLTI.

Niliporudi kutoka Lukozi nikaenda duka moja la spea Ngamiani, jamaa akaniuliza swali moja tu, "3L?" nikasema ndio, akanipa seti nikafunga. Siku ya kwanza gari ilikuwa inawaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo, nikamsifu fundi, nikamsifu muuzaji, nikajisifu na mimi mwenyewe. Wiki haijaisha tumerudi kulekule. Fundi anafungua, ya kwanza ikatoka ncha imevimba imepasuka, nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyokwishawaka, ya pili ikagoma kutoka kabisa kwa sababu ile ncha iliyovimba imekuwa nene kuliko tundu. Tulichezea siku nzima na mafuta ya kulainishia kutu mpaka ikakubali, ingevunjikia mle ndani ilikuwa ni kufungua silinda hedi. Tukaisafisha mwili wake kwa kitambaa, imeandikwa 6V. Gari yangu inataka za 12.

Iko hivi. Injini ileile ya 3L ilitoka na mifumo zaidi ya mmoja. Kuna gari zinazopeleka volti za betri moja kwa moja mpaka kwenye plagi, hizo plagi zake zinaandikwa 11V au 12V. Na kuna zile za kupasha haraka, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Japani zikaja kwetu mitumba, hizo plagi ni za volti 6 hivi, zinapigwa umeme mkubwa kwa sekunde chache alafu umeme unapunguzwa kwa kupitishwa kwenye rezista. Ukifunga ya 6 kwenye mfumo wa 12 inaungua kama yangu. Ukifunga ya 12 kwenye mfumo wa 6 haiungui, ila inapata moto kivivu, na wewe utasema plagi ni feki kumbe masikini haina kosa. Wenye Land Cruiser msihesabu betri mkadhani mmemaliza, betri mbili zinaweza kuwa zimeungwa sambamba bado ni volti 12, na zikiungwa kwa kufuatana ni 24 na plagi zake zinaandikwa 20 na kitu. Soma plagi ya zamani, na kama umenunua gari mkononi mwa mtu usiiamini hata hiyo, mwambie fundi umeme aweke mita kwenye kichwa cha plagi wakati mwenzie anafungua ufunguo aone umeme unaofika ni volti ngapi, na kama unabaki hapohapo au unashuka baada ya sekunde chache. Hiyo kazi ni dakika mbili.

Na ukishaishika hiyo mita, pima plagi zenyewe pia usije ukanunua kitu ambacho hukihitaji. Fungua ule ukanda wa chuma unaoziunganisha juu, weka mita kwenye omu, yani kipimo cha ukinzani wa umeme, waya mmoja kichwani mwa plagi mwingine kwenye bodi ya injini. Nzima itasoma kidogo sana, nusu omu mpaka moja na nusu hivi, iliyokufa haisomi kitu. Huna mita? Chukua taa ya kupimia, bana waya wake kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha plagi, ikiwaka plagi ni nzima. Zote zikiwa nzima na gari bado inagoma asubuhi basi anza kuangalia rilei, yani swichi ya umeme inayozilisha plagi, au fyuzi yake, na hapo muuzaji wa plagi usimpe hata mia.

Haya, brandi, kwa mpangilio wangu mimi wa huku Tanga.

Ya kwanza ni Denso, na sisemi kwa sababu ya jina. Hii ni kampuni iliyochomoka ndani ya Toyota 1949, na plagi nyingi zilizomo kwenye boksi la Toyota ndio haohao wamezitengeneza. Boksi la Toyota namba yake inaanza na 19850, ukilipata orijino na hela unayo chukua, ila tofauti ya bei mara nyingi unalipia boksi. Denso wenyewe kodi yao, yani herufi na namba za kuitambua plagi, inaanza na DG. Kwa Hilux, Hiace na Land Cruiser mi sitafuti zaidi ya hapo.

Ya pili HKT, na hapa kuna watu wataniuliza ndo nini hiyo. Ni Wajapani, hawana makeke, na mafundi wa siku nyingi wanaowajua wanawaheshimu. Ninachokipenda ni kodi zao zinasomeka hata na mtu asiyejua spea, PT ni Toyota, PN ni Nissan, PM ni Mitsubishi, PI ni Isuzu, baada ya hapo namba. Kama una Nissan yenye injini ya TD27 au Isuzu basi kwako HKT ipande iwe ya kwanza, kwa sababu kuzipata ni rahisi na bei ni ya kibinadamu.

NGK naiweka ya tatu na ubora sio tatizo, plagi zao ni nzuri tu, tatizo ni kwamba jina lake kila mtu analijua kutokana na plagi za petroli, na jina linalojulikana ndo linalofojiwa. Zile za kawaida za metali kodi inaanza na Y. Muuzaji akikuletea NGK isiyo na kodi iliyochongwa mwilini, ina lebo ya karatasi tu, mrudishie kwa heshima uondoke.

Bosch na Beru ni za wenye Benz, Land Rover na Volkswagen, kwao hizo ndo namba moja bila mjadala. Kwenye Toyota zinafanya kazi lakini utasubiri iagizwe Dar, ya nini yote hayo.

Kuna hizi za seramiki mnazoziona mitandaoni, kwamba zinapata moto ndani ya sekunde mbili na zinafika mpaka nyuzi 1300. Ni kweli. Lakini sio za kupandishia daraja gari la zamani, zinatumia volti ndogo, 7 kushuka chini, na kompyuta ya gari ndo inazipimia umeme. Zifunge kwenye gari iliyokuja nazo tu. Na ni kama yai, ikikudondoka sakafuni hata kama huoni ufa usiifunge, ikimeguka ndani kile kipande kinaenda kwenye pistoni. Alafu usithubutu kuijaribu kwa betri kama tunavyofanya na za metali, utaiua mkononi.

Mchina asiye na jina. Nisiwe mnafiki, nimeshazitumia, seti nzima unaipata kwa hela ya Denso moja au moja na kitu, na kama gari yako haitoki Raskazone na Pangani zinaweza kukupeleka. Ila hizi ndo zile waja leo waondoka leo. Ukizichukua zipime zote nne palepale dukani, zikisoma tofauti tofauti, moja nusu omu nyingine mbili, hizo hazijatoka kwenye mashine moja, acha.

Za mtumba zilizochomolewa kwenye injini nyingine, hapana. Sina la kuongeza.

Nunua seti nzima. Ukibadilisha moja iliyokufa ukaacha zilizozeeka pamoja nayo utamwita fundi tena mwezi ujao, na kazi ya kuzifikia kwenye Hiace, pale chini ya kiti, unaijua. Zitolewe injini ikiwa na uvuguvugu, zimwagiwe mafuta ya kutu tangu jana yake, na fundi akisikia inakaza arudishe nyuma kidogo alafu aendelee, asilazimishe. Tundu lisafishwe masizi kabla ya kufunga mpya. Kukaza ni kidogo kuliko fundi anavyopenda, ya uzi wa milimita 10 haizidi nyutoni mita 18, ya milimita 8 ni 10 tu, yani mkono mmoja na racheti fupi, sio kuning'inia kwenye bomba. Na za zamani usizitupe kabla hujaziangalia ncha, zote zikiwa zimevimba ni volti, lakini moja tu ikiwa imeliwa imeyeyuka na wenzake wazima, nozeli ya silinda hiyo inakojoa dizeli, na bila kuitengeneza hiyo nozeli plagi mpya itaenda njia hiyohiyo.

La mwisho, kuna vijana kule juu wana ile spray ya kuwashia wanakupulizia kwenye mdomo wa hewa ukiwa umekwama. Kwenye gari yenye gloo plagi kataa. Ile gesi ikikuta plagi nyekundu inalipuka kabla ya wakati wake, na pete za pistoni au pistoni yenyewe ndo inapasuka. Bora ushushe kabichi usukume.