Mpira mpya wa mafuta na seti ya kabureta kwenye Enduro kongwe ya farasi 15: uzoefu wangu

Mashine yetu ya boti ni Yamaha Enduro ya farasi 15, tustroki (inayotumia petroli iliyochanganywa na oili), silinda mbili na kabureta moja. Alikuwa nayo marehemu baba hapa Pangani, na mpaka leo inavusha abiria na kubeba samaki. Mwaka huu niliinunulia njia nzima ya mafuta: mpira wenye pampu ya mkono ya kuminya, viungio vya ncha zote mbili, daiframu (utando mwembamba unaovuta mafuta) na gasketi za pampu ya mafuta, pamoja na seti ya kabureta yenye sindano (inayofungua na kufunga mafuta) na gasketi zake. Vyote ni vya Yamaha halisi, isipokuwa mpira wenyewe. Huo nilikatiwa kwa mita Kariakoo, na ubavuni umeandikwa ISO 7840, maana yake ni mpira wa mafuta wa vyombo vya majini, unaostahimili moto. Kusi lote umelala juani na kwenye maji ya chumvi, na kaskazi imeukuta haujabadilika.

Nieleze ugonjwa uliokuwepo, kwa sababu najua mashine nyingi za umri huu zinao. Asubuhi inawaka kwa mvuto wa kwanza. Ikiunguruma taratibu haina neno. Ukifungua mafuta yote, baada ya muda inapungua nguvu, inakohoa, inataka kuzima. Ukiminya pampu ya mkono mara mbili tatu, inarudi. Kwa mtu anayetoka mlangoni mwa mto wakati kusi linavuma na mawimbi yanavunjika juu ya fungu, hilo si jambo la kuvumilia. Nimebeba watu wazima na watoto mle. Kabureta ilisafishwa na plagi zikabadilishwa, na dalili zikabaki vilevile.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi ni hili: kuanzia kwenye tangi mpaka kwenye pampu ya mafuta, petroli haisukumwi, inavutwa. Kwa hiyo mpira ukiwa na ufa mdogo, mashine ikifanya kazi hutaona hata tone likidondoka. Ufa unavuta hewa ndani. Unapangusa mpira, unauona mkavu, unaamini ni mzima, kumbe pampu inakunywa hewa na petroli pamoja. Mimi nilipachika kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani karibu na mashine, kwa majaribio tu, nikaona mapovu yakipita mfululizo. Hapo shaka iliisha. Njia nyingine ni kuminya pampu ya mkono mpaka iwe ngumu kabisa mashine ikiwa imezimwa, ukaiacha kidogo. Ikilegea huku hakuna mafuta yanayoonekana kutoka nje, vali zake za ndani zimechoka au sindano ya kabureta haifungi.

Na kwa tustroki hatari yake ni kubwa kuliko kuzimikiwa njiani. Petroli ndiyo inayobeba oili. Mimi nachanganya 50 kwa 1, yaani mililita 480 kwa tangi la lita 24, oili yenye alama ya TC-W3, yaani ya tustroki za majini. Mashine ikipata petroli pungufu, imepata na oili pungufu, tena wakati ule ule inapofanya kazi kali zaidi. Pistoni inapata joto na kukwaruza silinda. Mashine kongwe ngapi zimetupwa kwa kuambiwa zimechoka, na kilichoziua ni mpira! Hili linaniuma, maana Enduro hizi zikitunzwa zinalisha familia miaka mingi sana.

Nilipoupasua mpira wa zamani kwa kisu nilikuta ngozi ya ndani imebanduka, kipande kimening'inia kama pazia mlangoni. Mafuta yakivutwa kwa kasi, kinaziba njia. Mpira ule kwa nje ulikuwa bado unang'aa. Usiuamini mpira kwa sura yake ya nje.

Pampu ya mafuta ya hii mashine inaendeshwa na msukumo wa hewa kutoka kwenye chumba cha krenki, chini ya pistoni. Daiframu ya zamani niliinyanyua juani nikaona vitundu kama vya pini. Vikikua vikawa mpasuko, petroli hupita moja kwa moja kuingia kwenye krenki, mashine ikajaa mafuta na kutoa moshi mzito. Kuibadilisha ni kazi ya skrubu chache. Lakini weka alama kwa msumari kwenye vifuniko kabla ya kuvitenganisha, ili virudi upande uleule.

Kabureta nayo ilihitaji sindano mpya, kwani ile ya zamani ilikuwa na mfereji uliochimbika kwenye ncha. Jeti, yaani vitundu vidogo vinavyopima mafuta, nilizisafisha kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usitoboe kwa waya, utapanua tundu. Uchafu ukigoma, uzi mwembamba wa mshipi wa nailoni unatosha.

Sasa bidhaa zenyewe. Pampu ya mkono ya Yamaha inakuwa ngumu haraka na haijabonyea kwa jua. Niliyokuwa nayo kabla yake, ya bei rahisi, isiyo na jina la maana, ililainika ikabaki bapa kabla msimu haujaisha. Mpira wa mita ni mgumu kuukunja chini ya kibao cha kukalia, hilo ni kero ya kweli kwenye chombo kidogo. Bei nayo ni kali: nimelipa takriban mara tatu ya ule mpira mweupe wa plastiki wanaotumia wengi, ule ambao petroli huukausha ukawa mgumu na kuchomoka kwenye kiungio. Seti ya kabureta ina gasketi za ziada za aina nyingine na haina karatasi ya maelezo, basi linganisha na za zamani moja moja kabla hujazitupa. Vyote kwa pamoja navipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja naipunguza kwa ajili ya bei na karatasi.

Tangu nifunge, mashine inatoka mlangoni mwa mto mpaka kisiwa cha Maziwe kwa mafuta yote bila mtu kugusa pampu ya mkono. Jioni nachomoa kiungio na kuiacha mashine iungurume taratibu hadi izime yenyewe, ili mchanganyiko usikaukie ndani ya kabureta na kuacha gundi.

Ukienda dukani, chukua kiungio chako cha zamani mkononi. Vya Yamaha haviingiliani na vya Mercury wala vya Johnson, na muuzaji asiyejua atakupa chochote. Angalia oringi (pete ya mpira) ndani yake kama ni laini. Hakikisha mpira una kipenyo sawa na cha mwanzo, na usikubali mwembamba kwa sababu tu ndio uliopo. Klampu chukua za chuma kisichoshika kutu zenye mkanda laini usio na meno, kwani zenye meno hukata mpira. Kufunga kwa waya au kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kunarudisha hewa ileile uliyolipa pesa kuiondoa. Mshale wa pampu ya mkono uelekee kwenye mashine, na tundu la hewa la kifuniko cha tangi lifunguliwe kabla ya kuvuta kamba.