Gemu fupi za kuruka: huzuni si kisingizio cha mruko mbovu

Mimi ni mlevi wa gemu fupi za kuruka, zile ndogo zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili, unazianza usiku ukijidanganya kwamba ni dakika kumi tu. Nyingi zina jambo zito la kusema: msiba, upweke, hofu. Hilo silipingi. Ninachopinga ni mtengenezaji kudhani uzito wa jambo unamsamehe kazi ya kumpa mchezaji mruko unaotii.

Juzi nimemaliza moja, jina nalihifadhi, ya mtu aliyefiwa na mama yake. Michoro kama rangi za maji, kinanda kinalia taratibu, nikasema leo nimepata. Kumbe mhusika anatembea kama anaburuta gunia, eti ndiyo huzuni yenyewe, na ukibonyeza kuruka anafikiri kwanza. Kuna daraja lililokatika. Unasogea ukingoni, neno linajiandika angani herufi moja moja: “Sikukuaga.” Ndipo uruke. Mara ya kwanza nilimeza mate. Nikaanguka. Gemu ikanirudisha nyuma ya lile neno, na hakuna namna ya kulipita haraka. “Sikukuaga.” Mara ya saba nilikuwa nacheka. Mara ya kumi na moja nilikuwa natukana, na mama wa watu hana kosa lolote.

Nikarudi kwenye Don't Look Back ya Terry Cavanagh, iliyotoka 2009. Wekundu na weusi, basi. Mtu amesimama kaburini, mvua inanyesha. Hakuna anayekueleza kitu; unatembea, unaruka, unashuka kuzimu kumfuata mpenzi wako. Ukishampata, sheria ni moja: ukigeuka nyuma, anatoweka, na unaianza upya skrini ile ile. Ni kisa cha kale cha Kigiriki cha Orfeo, lakini hapa hukisomi, unakibeba kwenye kidole. Na ni ngumu kweli, nimekufa mara nyingi kuliko nilivyohesabu, ila kila kifo kinagharimu skrini moja tu. Sikupata nafasi ya kuichukia.

Celeste ya 2018 si fupi namna hiyo, ingawa ilianza kama gemu ndogo iliyotengenezwa kwa siku nne. Naitaja kwa sababu ya unyoya. Madeline, mhusika mkuu, amenaswa ndani ya gari la kamba, pumzi zinambana, na unaambiwa umsaidie kupumua kwa kuuelesha unyoya juu na chini kwa kitufe. Nilijikuta na mimi napumua nao. Halafu kuna fadhila usiyoiona: ukichelewa kidogo ukawa umeshatoka ukingoni, gemu bado inakukubalia kuruka. Ukianguka, unajilaumu mwenyewe. Na anayeshindwa kabisa anaweza kupunguza kasi ya mchezo au kujikinga na kifo kwenye mipangilio, bila kusimangwa. Gemu inayozungumzia hofu ikawa na roho ya kusaidia mwenye hofu. Hapo nilivua kofia.

Gris, ya mwaka huo huo, iliondoa kifo kabisa. Macho yalishiba, vidole vilisinzia. Kwangu hilo ni kosa dogo kuliko la daraja, lakini kuna sehemu niliacha kucheza nikawa natazama tu.

Zile tamu zisizosema chochote sina la kuziambia. Nazicheza, nazifuta.

Baada ya kumaliza Don't Look Back nilifungua gemu nyingine ya kipuuzi kabisa, ya kuokota funguo. Ufunguo mmoja ulibaki nyuma yangu, hatua mbili. Kidole kikagoma juu ya kitufe cha kurudi, nikakaa hivyo sekunde kadhaa, najiona mjinga.